Mafiga Matatu Niliyoyaokota Mayo

Ta! Mlio mmoja mkavu, kama mtu amevunjia ukuni gotini. Sufuria likainama upande, supu ya pilau ikamwagikia moto ikafanya shaa, na mie nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Nikasema kwa sauti, peke yangu kwenye uwanja wa watu, "We figa nawe, unaniaibisha mbele ya wageni!"

Mpaka leo nikisikia kitu kinapasuka, hata kifuniko cha soda pale kwenye kibanda chetu cha samaki Tegeta, moyo unanishuka. Na nyie wenzangu tangu nirudi mmenikalia kooni: Rehema, Ulaya kukoje? Rehema, mbona picha huweki? Mwajuma ndiyo usiseme, hawezi kumenya kitunguu bila kuniuliza. Nimejibu "pazuri, baridi tu" mpaka nimejichoka. Basi nimeandika yote. Pitishianeni, msome, halafu msiniulize tena huku nakaanga samaki.

Mbagala: sufuria nalo linasafiri

Kwa wasiomjua, Mama Nora ni yule mzungu aliyekuwa anakaa Mikocheni, akifundisha wauguzi, mie nikimpikia. Kiswahili anakiongea kama mtu wa Temeke, ukimtania anakurudishia. Alipostaafu akarudi kwao Ayalandi, mashambani, kaunti inaitwa Mayo. Kila Jumapili tukawa tunapigiana simu, na Jumapili moja akasema, "Rehema, ulikuwa unaniuliza kila siku kwetu kukoje. Njoo uone, ukae wiki mbili."

Nyie mnanijua. Shule niliishia kidato cha pili, lakini ndani ya mlango wa kabati langu nimebandika ramani ya dunia, na nikilala chali nimeshafika kila mahali. Siku hiyo niliruka hadi mama akadhani nimeumwa na nge.

Mambo ya viza na tiketi nayaruka, yalikuwa marefu na hayana utamu. Utamu ni sufuria. Mama alisema siendi kwa mtu mikono mitupu, akaenda Tandika akaninunulia sufuria la alumini, lile kubwa la shughuli, na mfuniko wake. Ndani nikajaza binzari nyembamba, mdalasini, hiliki, mchele wa Mbeya kidogo, na kanga pea mbili.

Pale uwanja wa ndege askari akaligonga kwa kidole, likalia kama kengele.

"Dada, hili nalo ni begi?"

"Zawadi, kaka."

"Unampelekea mzungu sufuria?"

"Mzungu wa kwetu huyo."

Akaita wenzake waje waone. Walicheka, lakini walilifunga vizuri kwa gundi ya karatasi, na mmoja akaniambia, "Ukipika huko, utukumbuke." Nimewakumbuka sana, jamani, ila si kwa namna waliyotaka.

Uarabuni: hapo mbele tu

Ndege ya pili ilichelewa. Kwanza wakasema saa moja, halafu nne, halafu wakaacha kusema. Nikakaa chini nikiegemea begi langu la mkononi, nikila karanga za mama. Akaja mama mmoja wa Kitanzania, mfanyabiashara, mtandio mzuri, anatokwa jasho.

"Mwanangu, chumba cha kuswalia kiko wapi humu?"

Mie nilikuwa sijui hata choo kiko wapi. Lakini nyie mnajua kwetu. Mtu akikuuliza njia, huwezi kumwambia sijui, unaona kama umemfukuza. Nikanyoosha mkono: "Hapo mbele tu mama, ukikata kushoto."

Akanishukuru, akaniombea dua. Baada ya muda mrefu nikamwona anarudi, viatu ameshika mkononi.

"We binti! Ulinituma wapi? Nimefika mpaka kwenye duka la manukato, nimepuliziwa kila kitu, sasa hata udhu sijui kama ninao!"

Nikaanza kuomba radhi, yeye akaanza kucheka, tukacheka wote mpaka tukala karanga pamoja. "Siku nyingine sema sijui," akaniambia akinifinya shavu. "Neno jepesi tu." Nikasema sawa mama. Yaani nilisema sawa, nikalisahau papo hapo.

Basi la kwenda magharibi

Kutoka Dublin nilipanda basi. Nje kijani, kijani, kijani, kama mtu amemwaga rangi akasahau kuacha. Pembeni yangu alikaa mzee mwenye kofia, akafungua mkate wake akanikatia nusu. Ndani nikaona nyama ya waridi. Nguruwe. Nikatikisa kichwa. Akadhani naona haya, akausogeza. Nikatikisa tena. Akauweka kabisa mapajani mwangu, akanipigapiga mkono, kula mwanangu.

"Mwislamu," nikasema, nikajigusa kifuani.

Mzee yule alibadilika rangi kuanzia shingoni. Akautoa mkate haraka, akaifuta na sketi yangu kwa kitambaa chake, akatoa tofaa, akatoa peremende, akatoa hadi kalamu anipe. Aliomba radhi mpaka mji unaitwa Longford. Mie moyoni nikawa nacheka: ishu ndogo hivi, mbona anajitesa? Alikuwa amekosa bila kujua, na alikuwa ametaka kunilisha tu. Nilimcheka kwa kosa kama lile lililokuwa linaningoja mie huko mbele.

Kwa Mama Nora, na matuta yasiyolimwa

Mama Nora alinipokea kwa vifijo. Sufuria alilikumbatia kabla yangu. Nyumba yake iko peke yake kwenye kilima kidogo, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji zinakata mashamba kila upande, na kondoo wanakutazama kama wadai.

Jirani wa chini ni shangazi yake, Bibi Kathleen. Amepita themanini, mwembamba, macho ya samawati yenye maji. Mama Nora alishamfundisha neno moja. Nilipopiga goti nikasema, "Shikamoo bibi," akajishika kiunoni akajibu kwa fahari, "Marahaba!" Halafu akanishika vidole, akavikuta vya baridi, akaingia ndani akatoka na soksi za sufu alizofuma mwenyewe. Akanivalisha yeye, kwa mikono yake. Bibi wa watu, ananivalisha soksi. Nilizivaa kila siku.

Wa tatu ni Mzee Padi, mpeleka barua mstaafu. Miaka yote ya kuzunguka na barua alikuwa akiona vitu vya kale mashambani mwa watu, sasa ana utepe wa kupimia na daftari, anavichora kimoja kimoja, ili kijiji kiwe na ramani ya mambo yake. Alinitembeza siku tatu, Mama Nora akitutafsiria. Mie nilikuwa najua magofu ya Kunduchi tu, tulipopelekwa shuleni tukala ubuyu juu ya makaburi. Huku nikajikuta nina hamu ya kila jiwe.

Kwenye mlima mmoja niliona matuta, mistari na mistari chini ya nyasi, kama matuta ya viazi vitamu.

"Haya wanapanda lini?" nikauliza.

"Hayapandwi," akasema Mama Nora. "Yalilimwa mara ya mwisho wakati wa njaa kubwa, zamani za bibi wa bibi zetu. Viazi vilioza ardhini. Waliolima walikufa, au walipanda meli. Hakuna aliyerudi kuyasawazisha."

Nikasimama pale nikiyaangalia. Mtu ameinama ametengeneza tuta zuri namna hii, halafu hakula.

Nyuma ya nyumba ya Mama Nora, ng'ambo ya ukuta, kulikuwa na duara la udongo ulioinuka, refu kunizidi, limeota nyasi na mti mmoja wa miiba. Padi akaeleza kwamba watu walikaa humo zamani mno, nyumba katikati, ng'ombe wakiingizwa ndani jioni.

"Kumbe boma!" nikapiga kelele.

"Boma," akasema Padi, akaliandika kwenye daftari.

Nikataka kuingia. Padi akamtazama Mama Nora, Mama Nora akatazama viatu vyake. "Ndani nimepima nusu tu," akasema Padi. "Tutamalizia Jumamosi, na Kathleen. Kuna kitu anataka kutuonyesha mwenyewe."

Mie mdomo wangu hauna breki, nauliza kila kitu. Hilo tu sikuuliza.

Jumamosi ya pilau

Nilikuwa nimekaa siku sita nikilishwa, nikitandikiwa, nikipewa chai. Kwetu mgeni akifika hapo anainuka, anashika kazi. Nikamwambia Mama Nora, Jumamosi hiyo wageni wakija, mie napika pilau. Alifurahi sana. Alinipeleka mji wa pili, na msinishangae, huko mashambani kuna msikiti na bucha la Kiislamu. Tukanunua kuku.

Jumamosi yenyewe akaondoka kwenda kumchukua Bibi Kathleen na kununua matunda. "Jiko unalijua," akasema. Nikaweka sufuria la mama juu ya jiko lake la kioo. Nikabonyeza. Likalia pii, likazima. Nikabonyeza tena. Pii. Jiko lile halipendi alumini, linataka chuma. Sufuria zake nyingine zilikuwa za kupikia yai. Na kuku nimeshamkata, vitunguu nimeshavikata, mchele umeloweka, wageni wanane wako njiani.

Mtoto wa Mbagala anashindwaje kupika? Nikasema, mafiga!

Kuni zilikuwepo, na yale matofali ya udongo mweusi wanayochimba bondeni wakayakausha, yanawaka taratibu kama mkaa. Kilichobaki ni mawe. Na huko mawe ndiyo yamejaa. Niliusogelea ukuta, nikashika jiwe moja zuri kabisa, halafu nikaliacha. Nilijisemea: ukuta una mwenyewe, ukitoa jiwe ni wizi, na kondoo watatoka. Yaani nilijisifu kwa hilo. Nikaruka ukuta nikaingia bomani, nikayakuta mawe madogo madogo yamekaa kwenye nyasi, saizi ya figa, mengine yamezama nusu. Hayana mwenyewe haya, nikasema.

Niling'oa matano. Moja lilikuwa mviringo mno, nikalitupa pembeni. Jingine zito, nikaliacha lilipoangukia. Matatu yalikuwa kama yamechongwa. Moja lilikuwa na mshipa mweupe umelizunguka kama mkanda, nikasema hili litapendeza mbele. Nikasokota kanga ngata, nikayabeba kichwani moja moja, naimba.

Moto ulishika. Harufu ya mdalasini ikapanda kilima kile, nikajiona malkia. Kuku akaiva, nikamwaga mchele. Jiwe lilikuwa na unyevu ndani, kumbe, maana hapo ndipo lilipolia, ta!, lenye mkanda, likapasuka kufuata ule mshipa, kipande kikadondoka majivuni. Nikacheka, nikaegemeza sufuria kwa kijiti, nikapalia makaa juu ya mfuniko.

Wageni wakaanza kufika. Padi na utepe wake, majirani na keki. Mwisho gari la Mama Nora. Bibi Kathleen alishuka amevaa koti la kanisani na pini ya fedha kifuani. Nikakimbia, "Shikamoo bibi!" "Marahaba!" Akaona moshi, akatabasamu, akaja mwenyewe kutazama. Mama yake naye alikuwa akipika kwa moto wa chini, alikuwa ameniambia.

Akainama. Tabasamu likabaki usoni, lakini yeye akawa hayumo. Halafu akapiga magoti, koti lile, kwenye majivu, akanyoosha mkono ndani ya moto.

Nilimvuta kwa nguvu, nikidhani anaanguka. Akawa anasema neno lile lile, lile lile.

"Anasema hilo jiwe ni lake," akatafsiri Mama Nora, naye haelewi bado.

Na mie, kwa upole wangu wote, nikajibu, "Mwambie asijali, nimeazima tu. Tukishakula nalirudisha."

Mama Nora akageuka polepole. "Rehema. Umelitoa wapi?"

"Kule bomani."

Akakaa chini. Si kwenye kiti. Chini.

Nilivyoelezwa ni hivi. Zamani kule, mtoto mchanga akifa kabla ya kubatizwa, kanisa halikumruhusu kuzikwa makaburini na watu wengine. Baba alimchukua kwenye sanduku dogo, akampeleka mahali ambapo hakuna anayelima, kama maboma yale, kwa sababu watu waliyaogopa. Akaweka jiwe lisiloandikwa kitu. Mama mzazi hakupelekwa. Na hakuna aliyezungumza tena. Kila jiwe nililoling'oa lilikuwa mtoto wa mtu.

Bibi Kathleen alijifungua wa kwanza akiwa na umri kama wangu. Hakulia, yule mtoto. Mumewe alimwambia jambo moja tu: jiwe lina mkanda mweupe. Alikwenda kwa siri mara moja, akaligusa, akarudi, akafunga mdomo maisha yake yote. Mwaka huu Padi alipoanza ramani ndipo alipothubutu kusema, nami ninaye mmoja. Jumamosi ile, baada ya chakula, angepanda mbele ya watu akaonyeshe jiwe lake, lichorwe, siku akifa azikwe na mchanga wa pale. Alikuwa amevaa koti kwa ajili hiyo.

Nikauzima moto kwa maji ya kunywa. Pilau hakuna aliyeligusa, ila Padi alipakua sahani moja akala amesimama, kwa heshima, bila kuniangalia. Kila kijiko alichotia mdomoni nilikiona.

Hapa

Tukapanda bomani wote. Mashimo matano kwenye nyasi, udongo mbichi, nyungunyungu wanajificha. Padi alipiga magoti akajaribisha mawe. Matatu yalikaa sawasawa, kama jino kwenye fizi. Yakabaki mawili: lile la mviringo nililolitupa, na la mkanda mweupe, jeusi sasa upande mmoja, limemeguka. Na mashimo mawili, hatua mbili kati yake. Nilikuwa nimeyakanyaga nikiwa nimejitwisha mzigo, kingo zimebomoka. Kila jiwe liliingia kila shimo, na halikukaa vizuri hata moja.

Padi akafungua daftari. Upande ule ndio ulikuwa bado haujachorwa.

Bibi Kathleen akanishika mkono. Alikuwa ameshika kile kipande kilichomeguka, kina mstari mweupe kama uzi. Akaniuliza, na Mama Nora akasema kwa sauti ndogo, "Anakuuliza wewe. Nyasi zimebadilika, yeye alikuwa anategemea jiwe. Ni wewe pekee uliyeliona likiwa mahali pake. Lilikuwa wapi?"

Nilitafuta kichwani. Wallahi nilitafuta. Nilikumbuka wimbo niliokuwa naimba, hadi beti. Nilikumbuka uzito kwenye utosi. Shimo sikulikumbuka. Na bibi ananitazama kwa macho yale, amevaa koti lenye majivu magotini, amenishika kwa vidole vilivyonivalisha soksi. Neno jepesi tu, alisema yule mama wa uwanja wa ndege.

Nikanyoosha kidole. "Hapa."

Bibi Kathleen akaachia pumzi. Padi akaweka jiwe, akapima, akachora, akaandika. Bibi akapiga magoti akaweka kiganja kwenye udongo, akaongea na huyo aliye chini kwa lugha yao ya zamani, ambayo hata Mama Nora hakunitafsiria. Halafu akanibusu kwenye paji la uso. Mie, niliyemng'oa mwanawe, nikabusiwa.

Siku mbili zilizofuata kila asubuhi nilimwona kupitia dirisha la jikoni, anapanda na fimbo yake. Anakaa pale, rozari mkononi. Anarudi mwepesi, anasalimia kondoo.

Siku ya tatu tulikuwa tunamenya viazi, nikamwambia Mama Nora. Kisu chake kikasimama.

"Yaani ulibahatisha?"

"Nilibahatisha mama."

"Kwa nini, Rehema?"

"Niliona aibu kusema sijui."

Alimaliza kiazi kile, akakiosha, akakiweka sufuriani. "Kumwambia utamwambia mwenyewe. Mie nitatafsiri atakachokujibu, basi."

Nilimfuata Bibi Kathleen bomani. Kiingereza changu cha kidato cha pili, nikakitoa chote. Nikanyoosha kidole shimo la kwanza, nikanyoosha la pili, nikasema sijui, bibi, sijui, nilidanganya. Nikarudia mpaka nikaona limeingia.

Nilitegemea anipige. Nilitegemea pia, nitasema kweli, anikumbatie, maana kwenye ndoto zangu watu huwa wananikumbatia. Hakufanya lolote. Alitazama sehemu moja, akatazama nyingine. Halafu akasema maneno machache, kwa upole, na Mama Nora aliyekuwa kwenye ukuta akayatafsiri.

"Anasema: siku mbili nilikuwa na mahali."

Basi. Akaondoka na fimbo yake.

Kurudi

Siku zilizobaki hakuja kunywa chai. Nilifua soksi zake nikazikunja, nikajiuliza kama nizirudishe, nikaogopa kwamba hilo nalo litakuwa kosa. Asubuhi ya kuondoka, gari lilipozunguka nyuma ya nyumba, niliona Padi ameshapeleka kiti cha mbao bomani. Kilikuwa katikati ya yale mawe mawili, na Bibi Kathleen amekikalia, mgongo kwetu, mkono mmoja mfukoni anaposhika kile kipande.

Mama Nora akapunguza mwendo. Nikashusha kioo.

"Shikamoo bibi!"

Upepo ulikuwa mwingi, nikadhani hakusikia.

"Marahaba," akajibu. Hakugeuka.

Njiani Mama Nora alinishika goti, akasema sisi pia tuna aibu yetu, tungekuambia mapema kuna nini mle ndani usingegusa. Ni kweli. Lakini hiyo ni aibu yao. Hii ni yangu, siwezi kuchanganya. Sufuria nililiacha. Sijui kama limepika tena.

Nilipofika Mbagala mama aliniuliza kama sufuria lilifaa, nikasema lilifaa sana. Kesho yake alikwenda msibani Kongowe, akaniachia maharage nichemshe uani. Mafiga yetu mnayajua, yale meusi karibu na bafu, nimeyakuta tangu nazaliwa. Sijawahi kuuliza mama aliyatoa wapi, wala kama uwanja ulikuwa na mtu kabla yetu.

Nilishika kuni mkononi nikashindwa kuziwasha. Nikachuchumaa, nikaliinua figa la kwanza. Chini kulikuwa na sisimizi, na mchanga mweupe usioona jua. Nikaliinua la pili, nikatazama, na la tatu, nikatazama. Halafu nikayarudisha moja moja, kila moja kwenye alama yake, nikiyazungusha taratibu mpaka yakakaa.